Tumbili wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 10 Machi 2025
Madam Muthoni, mkubwa wa wakaguzi wa serikali, amenipigia mwenyewe. Wanakuja hapa kituo cha utafiti Jumatano, ghafla, nisiambie mtu. Mwishowe malalamiko yangu yamesikika! Ataona wale tumbili wa chumba cha nyuma. Kibali kinaruhusu wapasuliwe mara moja tu, lakini wanapasuliwa tena na tena. Yule wa kike, Mama Kovu, hata ndizi ameacha. Mimi ndiye huwalisha. Nimechoka kujifanya sioni.
Nimemwambia Calvince, mume wangu, peke yake. Bwana ni bwana. Akasema nimefanya vizuri.

Jumatano, 12 Machi
Chumba kitupu. Kimeoshwa, kinanuka dawa ya Jik. Meneja Mageto akamwambia Madam hiyo ni stoo tangu zamani. Madam akaniangalia, mimi nikaangalia sakafu. Wakanywa chai, wakarudi mjini.
Nani aliongea? Nadhani ni mlinzi. Jioni nimekataa salamu yake.

Alhamisi, 13 Machi
Si mlinzi.
Calvince ni dereva wa kituo. Leo nimeenda kuchukua sweta yangu kwa pikapu — nyuma kuna manyoya, na bandeji yenye damu.
Nikamuuliza. Hakukana. Eti kituo kingefungwa, na hii nyumba ni ya kazi. "Tungeenda wapi na watoto, Dorine?"
Tumbili wako wapi?
"Chebunyo. Kwa boma ya shemeji ya Mageto."
Na Mama Kovu?
Akainama kufungua viatu. Akasema alikufa njiani, kabla ya kufika Sotik. Akamtupa kwa shamba la majani chai.
Halafu akaomba maji ya kuoga. Nikampashia. Sijui kwa nini.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani tumekaa benchi moja, watoto katikati. Pasta amemsifu Calvince kwa kubeba wazee kwa gari hadi kanisani.
Tukiwa tunakula, Madam Muthoni akapiga. Ameshajua tumbili walihamishwa. Anataka tu kujua walipelekwa wapi, atawafuata na polisi leo leo, kabla wahamishwe tena. Nikamwambia anipe dakika chache, nikaingia chumbani.
Wamebaki watatu. Mageto alimpa Calvince peke yake hiyo kazi. Nikitaja Chebunyo, nimemtaja yeye.
Simu inalia tena, ni Madam. Calvince ako mlangoni na sahani yangu, anasema chakula kinapoa.
"Si upokee," anasema. "Pengine ni watu wa nyumbani."