Mnyama Mwenye Alama Sikioni

Shule ya Msingi,
Muhuru Bay.
Oktoba, 1996.

Kwako Tata, baba yangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimetulia, na ninakula vizuri kuliko unavyodhani. Nawe je? Mguu unakuruhusu kufika mtoni na ng'ombe, au bado unakaa kilimani ukiwafokea wanaowapeleka? Na macho ya mama yanaendeleaje? Mwambieni ile dawa ya matone si ya kuhifadhi kabatini.

Na wewe kaka yangu Matiko, unayemsomea Tata barua hii kama kawaida, pokea salamu zako kabla hujaanza kulalamikia mwandiko wangu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kikuria chetu sikufundishwa kukiandika. Mfasirie Tata polepole, maana leo nina mengi.

Najua mnachosubiri. Tangu ng'ombe wa mzee Wangwe waingie bomani mwetu, kila mtu anayetoka huko nyumbani Ikerege ananiuliza kama nimemkubali mwanawe, Gisiri. Najua pia kwamba kwa ng'ombe haohao Matiko atamuoa Robi, maana ndivyo ilivyo kwetu: dada akiolewa, ng'ombe wake humletea kaka mke. Niliahidi kutoa jibu kabla shule hazijafungwa. Jibu limo humu, Tata, ila nivumilie kwanza nikusimulie habari za mnyama mmoja. Bila yeye jibu hilo nisingelipata.

Wiki iliyopita walimu wa sayansi tuliitwa Homa Bay kwenye kituo cha walimu, tukafundishwe kutengeneza vifaa vya darasani kwa vitu tulivyo navyo karibu. Mkufunzi wetu, Bi Dorah Mokaya, ni mama mcheshi, lakini ukimjibu ovyo anakutazama juu ya miwani mpaka unakaa mwenyewe. Alitugawia udongo wa mfinyanzi na katani, akatuambia tubuni mnyama ambaye hayupo popote duniani, lakini ambaye angeweza kuishi tundra.

Tundra, Tata, ni nchi ya mbali sana kaskazini. Ardhi yake chini imeganda mwaka mzima, ngumu kama jiwe, na hakuna mti unaoweza kuotesha mizizi humo. Wakati wa baridi jua linaweza kukaa wiki nyingi bila kuchomoza. Kiangazi kikifika jua nalo linakataa kutua, barafu ya juu inayeyuka, kila mahali panakuwa tope, na mbu wanatoka makundi kwa makundi. Bi Dorah alipofika kwenye tope na mbu nilijisikia niko nyumbani.

Tuliwekwa watatu watatu. Mimi niliwekwa na Oliver, mwalimu wa Sindo mwenye maneno mengi, na Okemwa, Mkisii mrefu ambaye hasemi mpaka aulizwe mara mbili. Oliver alitaka tuumbe kitu kama kiboko, kilichojaa mafuta. Okemwa alipendelea kitu kidogo cha kuchimba shimo na kulala humo, tukamkumbusha kwamba ardhi yenyewe ni jiwe. Mimi nikasema ng'ombe. Walinicheka sana, Oliver akisema Wakuria hata mbinguni tutauliza malisho yako upande gani. Lakini mwishowe nilishinda kwa kuongea, na unajua nimeirithi kwa nani tabia hiyo.

Laiti ungekuwepo, Tata! Kila nilichosema kilitoka kwako. Niliwaambia miguu iwe mifupi, maana mnyama wa miguu mirefu upepo unampitia tumboni. Niliwaambia kwato ziwe pana, kwa sababu nilikuona ukichagua ng'ombe wa kuvuka bonde la tope kwa kuziangalia kwato kabla ya kuangalia kitu kingine. Tulimpa nundu kubwa ya kuweka akiba ya mafuta, na pua nyembamba ili baridi isimwingie yote kwa pumzi moja. Manyoya ya katani tuliyashusha hadi karibu na ardhi. Okemwa, alipoulizwa mara ya pili, alisema masikio yawe madogo kwa sababu joto la mwili hupotelea masikioni, na hilo lilikuwa jambo la maana kuliko yote tuliyosema asubuhi ile.

Ugomvi ulikuwa kwenye mkia. Mimi sikukubali ng'ombe asiye na mkia wa kufukuzia mbu, na Oliver hakukubali mkia mrefu. Alinyanyuka kabisa akasema, "Mwalimu Milka, hii mkia yako itaganda ikatike kama kijiti, halafu mbu itamaliza huyo ng'ombe yako bure!" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mkia ukawa mfupi, mnene, wenye singa ndefu, na kila mmoja akajiona ameshinda.

Tulipomweka mezani nilimpenda kwa kweli. Bi Dorah alimzunguka, akasifu kwato, akasifu nundu, akauliza maswali ya mkia tukayajibu. Kisha akainama, akagusa sikio la kushoto, akauliza mkato ule mdogo wa chini unamsaidia nini mnyama kule kwenye barafu.

Nilitazama, Tata, nikaona ni alama yetu. Ule mkato unaowatia ndama wetu, kwenye sikio lilelile, mahali palepale. Nilikuwa nimeuweka kwa kisu wakati wenzangu wakipanga manyoya, na sikumbuki nikiukata. Oliver alisema labda ni dirisha la kutolea moshi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka. Lakini Bi Dorah hakucheka. Aliniuliza katika nchi hiyo mnyama huyu ni wa nani. Nikasema si wa mtu. Akaniuliza basi ni nani aliyemkata sikio. Nikasema ni mimi, nikaona aibu kama mtoto.

Tangu siku hiyo sijatulia. Niliambiwa nibuni kiumbe kinachojitegemea, chenye nchi nzima ya kuzurura bila ua wala mchungaji. Nikakipa kila kitu, halafu mkono wangu ukakiingiza bomani mwetu kabla udongo haujakauka. Wala sikukosa upendo nilipofanya hivyo. Wewe mwenyewe humkati ndama bila kumpapasa shingo na kumsemesha kwanza, na mimi nimekuona tangu utotoni nikapenda kukuona. Ndiyo maana nilifikiri sana. Nilijiuliza mimi mwenyewe nimeshatiwa alama gani, na ya nani, bila mtu yeyote kukumbuka akiitia.

Sasa nikueleze kuhusu Gisiri. Alikuja huku mwanzoni mwa Agosti kunitazama. Si mtu mbaya, na nisingependa mtu aseme nilimsema vibaya. Alileta ndizi, akawasalimia watoto wa darasa langu mmoja mmoja, akamuuliza mwalimu mkuu kama mimi ni msikivu, akajibiwa ndiyo. Alipokuwa anaondoka aliniambia mambo yote ni mazuri, na kwamba tukishafunga ndoa nitaacha kufundisha nikae Isebania nisimamie mashine yake ya kusaga. Hakuniuliza, na mimi sikumjibu. Lililonishtua baadaye ni kwamba siku ile sikuona kasoro yoyote. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi kusahihisha vitabu.

Tata, simtaki Gisiri. Naogopa kuliandika na nimeliandika. Hakuna mwanamume mwingine, usije ukapoteza usingizi ukimtafuta. Napenda kazi yangu, napenda hawa watoto wa wavuvi wanaobishana nami kwamba maji hayawezi kuganda yakawa magumu, na nikiolewa nataka aliyenioa awe ameniuliza. Nakuomba umrudishie mzee Wangwe ng'ombe wake. Mimi siwezi kuwarudisha, ni wewe tu unayeweza, na ndiyo sababu nakuandikia wewe na si yeye.

Najua ninachoomba. Nimesikia kuhusu yule ng'ombe wa kijivu mwenye uso mweupe, jinsi unavyomwita akaja, na jinsi unavyokaa naye hata wakati wa kula. Nimesikia amezaa, na ndama wake naye atalazimika kuondoka pamoja na mama yake. Linaniuma, Tata. Ningekuwa na namna ya kukuachia huyo mmoja ningekuachia.

Matiko, sasa nasema na wewe. Natumaini hujanyamaza hapa, lakini kama umenyamaza nakuelewa. Ng'ombe hawa walikuwa wako kuliko walivyokuwa wa mtu mwingine. Robi amekungoja, na baada ya barua hii huenda akangoja sana au asingoje tena. Nakuonea huruma, ndugu yangu, na bado nakataa. Nitakusaidia kwa kidogo ninachopata, ila sitakudanganya kwamba mshahara wa mwalimu unaweza kuwa boma la ng'ombe.

Tata hajui kusoma, na hapo nyumbani hakuna mwingine anayejua. Ukimwambia nimekubali, ataamini. Watu wataalikwa, na nikija Novemba nitakuta wazee wamekaa, na sijui kama nitakuwa na ujasiri wa kumwaibisha Tata mbele yao. Nilifikiria kumtumia pasta barua hii aje aisome yeye. Kisha nikaona kwamba nakunyang'anya kitu chako kikubwa, na haifai nikunyang'anye kwa kukupitia mgongoni. Kwa hiyo nimekupa wewe. Ikiwa huwezi kuendelea kwa sasa, ikunje, toka nje, nenda ukashike jembe au ukafanye chochote. Ukirudi msomee yote.

Wasalimieni majirani wote na wote wa kanisani. Mwambieni mama nitamletea dagaa wa omena waliokaushwa vizuri, si wale wa mchanga. Tata, mimi ni mtoto wako hata utakapokuwa umenikasirikia, na nitakuja nyumbani shule zikifungwa, unipokee au usinipokee.

Matiko, uniandikie jibu la Tata kwa maneno yake mwenyewe. Likija limejaa baraka nitajua hukumsomea. Likija la hasira, nitajua nina kaka.

Ni mimi binti yako, Tata, na dada yako, Matiko,

Milka