Atomu ya Waya

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mgongo umetulia, na shemeji hajachoka kukukanda. Sisi huku wazima, ila kitambi changu sasa kinaingia darasani kabla yangu.

Unaikumbuka ile atomu ya waya? Ulinitengenezea nilipopata sifuri ya fizikia mara ya pili: kiini cha udongo, pete tatu za waya, na shanga za mama ndizo elektroni. Ukaniambia zinazunguka kiini kwenye njia zake kama sayari na jua. Kwa waya ile nikafaulu, nikawa mwalimu. Huu mwaka wa ishirini na mbili naingia nayo darasani. Wanafunzi wananiita Mwalimu Waya, nami naitika.

Mwezi uliopita tuliletewa mwalimu mpya, binti ambaye soksi zangu zimemzidi umri. Aliiona mezani, akaniambia kwa adabu kwamba elektroni haina njia kama ile. Huwezi kusema iko wapi hadi uipime. Unachojua ni wapi kuna uwezekano mkubwa wa kuikuta na wapi mdogo. Akanitolea mfano mimi mwenyewe: saa nne, uwezekano mkubwa ni kwenye chai, maktaba karibu na sifuri. Ofisi nzima ikacheka. Akaongeza kuwa hata mfano huo una kasoro, maana mimi nipo mahali fulani hata nisipoonekana. Elektroni haina hata hilo.

Nikamjibu kuwa kaka yangu amesoma chuo kikuu, na kaka yangu hakosei. Jumamosi nikafungua sanduku la madaftari yako ninalokutunzia, nitafute ushahidi.

Nikaupata. Kwa mwandiko wako: “Njia za mviringo hazipo. Ni wingu la uwezekano.” Tarehe ni ya mwaka mmoja kabla ya waya. Pembeni, kwa penseli: “Mdogo wangu apewe ile ya sayari. Hii haitamwingia.”

Kilichoniuma si elektroni. Ungeniambia tu kwamba huo ni mchoro wa kuanzia. Miaka yote nakusifu kwa watu, kumbe akili yangu ulishaipima, ukafunga daftari.

Sasa na mimi nikiri. Jumatatu binti yako, uliyemleta kwangu asome, aliniuliza darasani kwa nini elektroni haiangukii kiini. Nikamwambia baba mdogo ameshasema inafuata njia yake, akae chini. Nilijua nadanganya. Niliona hataelewa. Akakaa, akafunika kalamu.

Jana nilizikata pete kwa koleo mbele ya darasa zima, nikawaeleza lile wingu, mwalimu mpya akinisahihisha. Binti yako alielewa kabla sijamaliza, kisha akauliza swali lililomfanya mwalimu mpya avute kiti akae kwanza ndipo ajibu.

Na mimi ningeelewa, kaka.

Shanga za mama zimo ndani ya bahasha hii, zihesabu zisipungue. Msalimie shemeji, na mgongo usiuchezee.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu Waya, ambaye waya hana tena