Doa la Manjano kwenye Gauni la Nesi

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa kemia katupa kazi: kila mtu atengeneze indiketa ya nyumbani, kitu cha kubadilika rangi kikikutana na asidi au besi. Wengi wamechagua kabichi nyekundu. Mimi manjano, kwa sababu yapo jikoni, sitalazimika kumwomba mtu. Kuomba! Afadhali nife. Nimeyaloweka kwenye spiriti, nikachovya vipande vya karatasi, nikavianika ukingoni mwa meza ya pasi. Pale pana joto.

Jumanne, 4 Machi

Vimechuruzika. Tone moja tu — na likaangukia gauni jeupe la nesi, mteja wetu, limeshapigwa pasi, linangoja mwenyewe. Doa la njano karibu na mfuko. Nikalifuta kwa kitambaa kibichi. Likatanuka! Nikalichomeka gauni katikati ya nguo chafu. Hizi nguo za watu Mama Mdogo ndiye anayefua, Mama anapiga pasi. Nikajiambia litatoka kwa sabuni.

Jumatano, 5 Machi

Darasani nilichovya karatasi yangu kwenye maji ya sabuni. Nyekundu papo hapo! Sabuni ni besi. Nikakamulia ndimu, ikarudi njano. Mwalimu akawaambia wanipigie makofi. Mimi nawaza gauni tu.

Nafika nyumbani, nesi yuko mlangoni, gauni mkononi, limefuliwa tena kwa sabuni, doa jekundu. Anauliza atavaaje hilo wodini, wagonjwa si watadhani katoka kuchinja kuku? Mama aliomba radhi mpaka nikaona haya. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Rangi zako hizo za kucha! Nilikwambia!"

Mama Mdogo akanyoosha vidole. "Dada, wiki nzima sijapaka. Tazama basi."

Mama hakutazama.

Mimi nilikuwa nakunywa maji. Nikaendelea kunywa. Kikombe kilikuwa kitupu.

Alhamisi, 6 Machi

Nesi kaliacha gauni, wanalisugua. Sabuni ikizidi, wekundu unazidi. Mama Mdogo kasema hili doa lina kiburi kuliko nesi mwenyewe, akacheka peke yake. 

Najua la kusema: tieni ndimu, suuzeni vizuri, anikeni juani. Maneno hayafiki kumi! Shuleni nimeandika ukurasa mzima kwa Kiingereza, na mishale na nini. Hapa nyumbani, mdomo umefungwa. Nikitaja ndimu wataniuliza nimejuaje.



Ijumaa, 7 Machi

Mama kasema Mama Mdogo akakae kwa kaka yao. Eti si kumfukuza, ni kupumzishana, wateja wakikimbia tutakula nini. Begi liko sebuleni. Mwaka mzima tumelala chumba kimoja. Ananisuka, ananiita Profesa, wageni wakija ananijibia maswali kwa sababu anajua naona aibu.

Kachungulia hapa sasa hivi. Macho mekundu, lakini anatabasamu.

"Profesa, wewe umesoma. Njoo umwambie dada yangu rangi ya kucha haiwi hivi. Mimi hanisikii, wewe atakusikia."

Hata chembe ya kunishuku! Nimejibu nakuja, namalizia homuweki.

Homuweki gani. Naandika haya.

Nawasikia. Mama anasema haya, na aje huyo shahidi wako. Mama Mdogo anaburuta kiti. Ananiwekea upande wake.