Salamu Ulizomrekodia Mama

Kaka Shomari,

Tukipita makaburini huwa tunawasalimia waliolala, basi nami nakusalimia kutoka hapa nilipokaa, kwenye kiti chako, ndani ya kibanda chetu cha Kibiti. Upande wangu cherehani imefunikwa. Upande wako maiki bado imevaa ile soksi uliyoivisha ili isivute upepo. Walimu wa madrasa walikuja kuulizia kaswida zao, nikawaambia fundi hayupo. Neno lile jingine lilinishinda.

Kaka, mama hakukuwahi. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Uliondoka asubuhi, na wajomba wakaona mazishi yasicheleweshwe. Simu za Kiongoroni, kisiwani kwa mama, zilikuwa hazipatikani. Habari ilipomfikia, mama alipanda boti na khanga alizokuwa nazo mwilini. Maji yakapwa wakiwa njiani, boti ikakaa kwenye tope katikati ya mikoko, na yeye ndani, akisubiri bahari ijae. Alipofika kwetu, udongo wa kaburi lako ulishaanza kukauka. Hakupiga kelele. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza, "Mmemzika bila mimi?"



Akabaki nami hadi arobaini. Siku moja nilikuwa napeta mchele, akaja akakaa karibu yangu, akasema, "Uso wake sikuuona. Basi hata sauti yake huna?" Kwenye simu yako kuna maandishi matupu. Umerekodi sauti za watu wote wa hapa, maharusi, wauza dawa za panya, watoto wa madrasa, lakini yako hukupenda kuisikia. Ndipo nikazikumbuka zile salamu. Ulimrekodia mwenyewe, umtilie kwenye kadi ya kile kiredio chake. Nilikwambia mpelekee hivyo hivyo, ukanijibu, "Mama hawezi kupelekewa sauti inayokwaruza." Uliamini salamu zenyewe ni nzima, laptop ndiyo inayozikata. Ukawa unaihangaikia kila ukipata nafasi. Homa ikakukuta humo humo.

Nikaiwasha mbele yake. Alijifunga ushungi vizuri kama mtu anayepokea mgeni. Ukasema, "Shikamoo mama, ni mimi mwanao Sho..." Halafu ikaanza. Sho, sho, sho, sho, na mkwaruzo kama bati linaburutwa kwenye saruji. Skrini ikaganda. Mama akaigusa mashine ubavuni kwa vidole viwili. "Amenyamaza," akasema. "Mwambie aendelee."

Nifanyeje, kaka? Nilifanya yote niliyokuona ukifanya. Nilifunga programu zote nikabakisha hiyo moja. Nilichomoa chaja, maana ulisema umeme wetu una mvumo wake. Kweli mvumo ukaisha, lakini mkwaruzo ukabaki. Nilibadilisha spika. Nilifungua nyuma nikatoa vumbi kwenye feni kwa brashi yangu ya cherehani. Niliongeza ile sehemu uliyokuwa unasema inaipa sauti nafasi ya kujipanga kabla ya kutoka. Mara inafika mbele kidogo, mara inakwama pale pale kwenye jina lako. Ikipata joto inazima yenyewe. Nikasema basi, nihamishie faili kwenye flashi. Ikaenda, ikaenda, katikati ikagoma. Nikarudia. Ikagomea pale pale.

Nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta, yule rafiki yako wa karibu na stendi. Aliifungua akaitegea sikio, kama daktari. Akaniambia, "Dada, tatizo si la sauti. Diski inakufa. Kila ukiiwasha unazidi kuila. Iache, tutafute watu Dar wanaoweza kuifungua, ingawa siwezi kukuahidi." Nikarudi nayo nimeipakata. Nikamweleza mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi kesho narudi nyumbani. Dar sikujui. Nifungulie nimsikie mwanangu."

Kaka, ungenikataza wewe, ningesikia. Lakini hukuwepo, na aliyekuwepo ni mama. Nikaiwasha.

Ulisalimia. Ukakwama kwenye jina, mara ukatoka, ukaachana na Kiswahili ukaingia Kindengereko cha nyumbani. Moyo wangu ulinipasuka kwa furaha, nisikufiche. Ukamwambia mvua zikikatika utakwenda kumwezekea jiko upya. Lakini kila neno lilikuwa linarudi mara mbili, mara tatu, limekatwa kichwa au limekatwa mkia. Ukaanza sentensi nyingine, "Na tena mama, nilitaka..." Skrini ikawa ya bluu. Kisha nyeusi. Tangu hapo haijawaka tena.

Nilimgeukia mama. Nilidhani analia, nilitaka tulie wote. Alikuwa anajifungua ushungi. Akasema taratibu, "Huyo si mwanangu. Shomari hakuwa na kigugumizi."

Akaenda kukunja nguo zake.

Nilimsindikiza mpaka bandarini Nyamisati, hakulitaja tena jambo lile. Sasa amerudi Kiongoroni, na wanaotoka huko wananiambia anapika, anasali, anajibu salamu. Wewe hakutaji. Kiredio chake amempa jirani. Na mimi nakaa hapa na mashine yako mapajani, nimeing'ang'ania kama mtoto wa mtu, sijui hata ninangoja nini. Fundi amewatumia watu wa Dar picha ya diski, wamesema tusitarajie sana. Ulitaka nini, kaka? "Nilitaka." Naliwaza neno hilo nikishona, nikila, nikishika udhu.

Shangazi anasema nimtungie mama. "Mwambie alisema anampenda na amemsamehe kila kitu, roho yake itulie. Nani atajua?" Na ningeweza. Nakujua unavyoongea, nakujua unavyovuta pumzi kabla ya kuomba kitu. Lakini mama alikukataa kwa sababu mashine ilikusemesha visivyo. Nami nikusemeshe visivyo?

Nakuacha hapa, Shomari. Mungu akupanulie mahali ulipolala, akuondolee kila kinachokubana. Nakuahidi hili: bahari ikitulia nitakwenda Kiongoroni, nitakaa na mama jikoni kwake, na kama atakubali kunisikiliza, nitamwambia maneno yako kwa mdomo wangu, mazima, hadi pale ulipoishia. Hapo nitanyamaza. Hata akinisihi, sitaongeza hata neno moja.

Mdogo wako,
Mwajuma