Plasta ya Ukuta wa Kaskazini

Jumapili ya kwanza ya Septemba

Bamdogo,

Leo natimiza miezi minne tangu nitoke nyumbani Majimoto, na miezi minane tangu tukuzike. Nimekaa juu ya rundo la matofali mabovu, daftari liko magotini. Misa imekwisha na wenzangu wameshuka Mpanda kunywa bia na kuchaji simu. Mimi sikushuka, sina hamu ya kuonana na watu. Mwandiko wangu unaujua, darasa la tano ndiyo mwisho wangu. Utanivumilia.

Kanisa la hija linabomolewa. Nimeanza na hilo maana nikizunguka sana nitaacha kuandika. Ukuta wa kaskazini tumeshaushusha hadi usawa wa madirisha. Paa tulilitoa mwezi wa saba. Matao matano ya upande huo hayapo tena. Na mimi ndiye niliyeyaua, Bamdogo, mimi uliyenishikisha mwiko.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponileta huku. Tulipanda lori la mahujaji, tukakatiza mbugani, akina mama wakaimba litania kwa sauti ya juu kwa sababu dereva alisema amewaona simba asubuhi ile. Tulipofika kilimani hukunipeleka altareni kama wenzetu. Ulinipeleka nyuma, ukutani, ukapiga tofali kwa vifundo vya vidole, ukaweka sikio. Halafu ukaulamba ule udongo katikati ya tofali na tofali. Nilicheka. Ukaniambia, "Lamba na wewe, mjinga. Ukisikia chumvi, ukuta unaumwa." Nikalamba. Haukuwa na chumvi. Ulikuwa na ladha ya majivu.

Ukanieleza yote pale pale, jua likituchoma. Kwamba mapadri wa kwanza walitoka upande wa ziwa na punda wachache, wakajenga kibanda cha miti, paa la nyasi. Kikaungua chote, na sanamu ya Bikira Maria ikakutwa kwenye majivu haina hata alama, na ndipo watu wakaanza kupanda kilima hiki kwa miguu kutoka kila upande. Kwamba kanisa la pili walilijenga wasilikose tena kwa moto, na babu yako alikuwa mmoja wa wafyatua tofali. Saruji haikuwepo. Waliunga kwa udongo na chokaa waliyochoma kwa makombe ya konokono wa ziwani, wakailaza shimoni mwaka mzima ndipo waiguse. Ndiyo maana kuta ni nene kiasi kwamba mtu analala kwenye dirisha akanyoosha miguu. Matao waliyapanga juu ya fremu za mbao, na siku ya kutoa fremu babu yako ndiye aliyeambiwa asimame chini, kwa kuwa kama yatashuka yamshukie aliyefyatua. Ulipenda sana kusimulia hapo. Ulikuwa unasimama na wewe chini ya tao, mikono kiunoni, unaangalia juu kama unalitania.

Na ukanionyesha kupaka. Kila mwaka, wiki moja kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane, kila jumuiya inaleta debe lake la chokaa, akina mama wanapaka kanisa zima nje na ndani. Mvua zikija zinaila ile chokaa, mwaka unaofuata wanapaka tena. Mimi nikasema ni kazi ya bure, inafutika kila mwaka. Ukasema, "Inafutika yenyewe ili tofali lisifutike. Ukuta huu unapumua, maji yanaingia na yanatoka. Ukiuziba, umeua." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisikia, nikadhani ni maneno ya wazee.

Sasa nifike kwenye lile.

Kiangazi cha mwaka juzi, ulipokuwa umelala Majimoto upande wako wa kushoto umekufa ganzi, kamati ya ujenzi ya kanisa ilinipigia. Askofu alikuwa anakuja mwaka ule. Wewe hukuweza kusimama, wakanitaka mimi. Nilijisikia mkubwa, sitakuficha. Mara ya kwanza kuitwa fundi bila jina lako mbele. Mwenyekiti akanizungusha ukuta wa kaskazini, unaopigwa na mvua, akaniambia, "Hii habari ya kupaka kila mwaka imetuchosha. Piga plasta ya saruji, anza na huu, iwe moja kwa moja. Sisi sio watu wa zamani." Nilijua jibu. Nikasema, "Sawa, mzee."

Niliipiga kwa wiki tatu. Bamdogo, ilikuwa plasta nzuri. Ilinyooka kama kioo, pima maji lilitulia kila mahali. Watu walikuwa wanapita wanaugusa ukuta kama wanagusa gari jipya. Akina mama wa jumuiya walifurahi, mmoja Msukuma mwenye maneno mengi akasema, "Fundi, umetupumzisha! Mwaka huu tutakupaka wewe basi, maana ukuta umetunyima." Na kweli walinipaka chokaa usoni, wakapiga vigelegele.

Jioni ile ndipo ulipopiga simu. Mamdogo alikuwa amekushikia simu sikioni. Ulikuwa unaongea kwa shida, maneno yanatoka nusu. Ukauliza, "Umetumia nini?"

Nikasema, "Chokaa, Bamdogo. Niliilaza shimoni kama ulivyonifundisha."

Halafu nikasikia unalia, na Mamdogo akasema anacheka huyu, anafurahi.

Hilo hata Padri wa hapa kilimani halijui. Halijui mtu yeyote. Nilikudanganya na wewe ukafa ukiniamini. Siku ya mazishi, unakumbuka mvua ilivyokuwa inanyesha, au basi, hukumbuki, katekista alisoma wasifu wako, akafika mahali pa kanisa la hija, akasema umeacha mwana atakayelilinda. Watu wote wakanigeukia. Mamdogo akanishika mkono mbele yao, akauinua. Nami nikasimama, mkono juu, nikaacha uinuliwe.

Mwezi wa tano, mpunga ukiwa umeshaingia ndani, Padri akanipigia. "Ukuta wa kaskazini una nyufa, njoo uzibe." Nilipofika nikaujua ugonjwa kabla sijashuka kwenye bodaboda. Plasta ilikuwa imevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Ukiigonga, inaitika. Maji ya mvua yalipanda toka chini, yakaingia kwa juu kwenye bati, yakakosa pa kutokea. Miaka miwili yamekaa humo ndani. Nikabandua kipande kidogo kwa patasi nyuma ya sakristia, watu wasione, nikalamba. Chumvi tupu. Nikatema mate mpaka mdomo ukakauka.

Nikaziba nyufa. Ndiyo. Nilichanganya saruji nyingine, nikaziba juu ya zile zile.

Mwezi wa sita kamati ikaleta mhandisi kijana kutoka mjini. Aliangalia tao la tatu lililokuwa limeanza kufunguka kichwani, akapiga picha, akaandika. Kwenye kikao akasema kosa ni la waliojenga. Walijengea udongo, akasema, msingi mwembamba, kazi ya watu wasiosoma, tushukuru limefika hapa. Ushauri wake ni kuvunja lote na kujenga jipya la nguzo za zege. Mwenyekiti akawa anatingisha kichwa kukubali. Mzee mmoja wa kigango akauliza, "Mbona ukuta wa kusini mzima?" Ukuta wa kusini sikuupiga plasta, saruji iliisha, Bamdogo, hiyo tu ndiyo iliyouokoa. Wajumbe wakageuka kumtazama mhandisi. Ilikuwa nafasi yangu. Ilikuwa imefunguka hivi, kama mlango. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikaangalia viatu vyangu. Mhandisi akajibu kwamba na wa kusini utafuata tu.

Wakamlaumu babu yako, na mimi nikakaa kimya.

Nilishindwa kula siku tatu. Siku ya nne nikamfuata Padri, nikamkuta bandani, amevaa gambuti anawapa nguruwe pumba. Nikamwambia hapo hapo, nguruwe wakipiga kelele, ikabidi niseme mara mbili. Nilisema ni plasta yangu. Nilisema nilionywa na wewe ukiwa hai, na kwamba nilijua. Simu sikuisema, nilishindwa. Padri aliweka ndoo chini. Akauliza, "Mbona hukusema kwenye kikao?" Akaniambia, "Kaibandue. Yote. Halafu niite."

Nilibandua siku kumi na moja, peke yangu. Nilitumaini tofali lililo nyuma litakauka. Nilikuwa nasema moyoni, likikauka kabla ya sikukuu nitafumua safu za chini, nitaweka mpya, nitalaza chokaa hata mwaka mzima. Nilitandika turubai, nililala pale, asubuhi nagusa. Nikawa nagusa kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Halikukauka. Safu za chini, hadi kiunoni, tofali zilikuwa zimekuwa uji. Nilipomwita Padri aliingiza kidole ukutani kikazama chote. Akakitoa, akakiangalia, akakifuta kwenye suruali. Alikwenda akakaa kwenye ngazi za altare, na mimi nikabaki nimesimama pale nje kwa kuwa sikujua kama naruhusiwa kuingia.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Wa kaskazini ushuke, mnara ufungwe magogo ya kuushikilia. Wa kusini Padri amewakatalia, amesema hauguswi mpaka mvua zipite, waone utakavyosimama. Mhandisi amesema ukuta mmoja hauna maisha. Huenda ni kweli. Sina uhakika wa kitu chochote siku hizi. Mwenyekiti alinionyesha kidole, "Na huyu asionekane hapa." Padri akasema nitaonekana, nitashusha tofali moja moja kwa mkono, bila nyundo kubwa, na zilizo nzima nizipange.

Ndiyo kazi yangu sasa. Vijana wa hapa wamenipa jina, wananiita Fundi Plasta. "Fundi Plasta, leta maji!" "Fundi Plasta, hebu lamba hili utuambie lina ugonjwa gani!" Wanacheka. Naleta maji. Kuna tofali nyingine zina alama za vidole, mtu alizigusa zikiwa mbichi. Sijui kama ni vidole vya babu yako. Nilijaribu vyangu, havikuingia, alikuwa na mkono mdogo huyo.

Hija walifanya nje, chini ya maturubai. Sanamu imehamishiwa shuleni, darasa la pili B, imewekwa kwenye meza ya mwalimu, nyuma yake ubao una hesabu za kutoa. Watu walikuja wengi kama kawaida, hawakuwa wameambiwa. Na madebe ya chokaa walikuja nayo, baadhi yao, wale wa mbali ambao mwaka jana hawakuja na hawakuwahi kusikia habari ya plasta. Kikundi kimoja cha Majimoto walifika na madebe mawili kichwani, wakaangalia pale ukuta ulipokuwa. Yule mama Msukuma wa siku ile naye alikuwepo. Nilidhani atanitukana. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Si ungetuambia tu, baba. Tungepaka. Sisi tulikuwa tunalalamika kwa mdomo tu." Akaondoka. Hilo ndilo linalonimaliza. Walikuwa wanalalamika kwa mdomo tu.

Wakaenda wakapaka ukuta wa kusini. Sikuwasaidia, nilijificha nyuma ya mnara mpaka wakamaliza.

Kuomba siwezi. Nimejaribu. Nikifumba macho nasikia ile sauti yako kwenye simu, ile niliyodhani ni kilio. Ningekuwa nimesema "saruji" siku ile, ungenitukana, ungenifukuza, ungemwambia Mamdogo ampigie Padri, na plasta ya mwisho ilikuwa na siku moja tu. Hiyo ingetoka kwa mwiko, iliyobaki kwa patasi, tofali likiwa bado kavu. Wewe hata umelala kitandani ungeliokoa. Mimi ndiye niliyekunyima.

Msamaha sikuombi, Bamdogo, kwa sababu huwezi kujibu, na mimi nisingependa kujijibia. Nimebakiza safu za chini na msingi. Nikipiga hesabu ya siku, nitamaliza mwisho wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Wiki hiyo hiyo nitapanda gari la Majimoto. Sitaanzia kaburini kwako. Nitaanzia kwa Mamdogo, maana hadi leo anawasimulia majirani jinsi kijana wake alivyolaza chokaa shimoni, Jumapili iliyopita alinisimulia mimi mwenyewe kwenye simu. Nitakaa mbele yake na kumwambia nilichokujibu jioni ile, kwa maneno yale yale. Kama bado atataka nifike ulipolala, atanipeleka yeye.

Lala, Bamdogo. Nategemea kufika Novemba mosi, siku ya Watakatifu wote, kabla Mamdogo hajatoka kwenda misa.

Mwanao