Magunia Matatu Nyuma ya Boti

Mpendwa Baba,

Jana asubuhi nilipakia boti tena, na kabla sijafunga kamba ya kwanza nikajikuta nakuongelesha kana kwamba umesimama upande wa pili na kikombe chako cha chai. Mwaka wa nne huu tangu tukuzike, na bado nakuomba ruhusa. Leo nakuandikia hadharani, kwa sababu jambo lenyewe lilikuharibia jina hadharani.

Kazi yako iliwachekesha watu. Boti zilichongwa hapa Kasulu, karibu na mbao, wewe ukazishusha hadi ziwani Kigoma kwa tela uliyoiunga mwenyewe. "Mzee, Muha wa milimani na boti wapi na wapi?" walikutania. Nawe ukawajibu, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, ila wa kushuka mlima niachieni mimi."

Ukanifundisha mimi, binti yako wa tatu, wakati ndugu zako wakikushauri umfundishe mkwe. Ulisema ekseli mbili za tela ni ndugu wawili waliobeba mgonjwa kwenye machela: mmoja akikwepesha bega, mwenzake anaumia. Mkono wa tela ukifungwa juu mno, ekseli ya mbele inakwenda matembezi na ya nyuma inabeba yote. Ulinifanya niunyanyue mkono huo kila safari kabla ya kuufunga kwenye gari. "Ukinyanyuka kirahisi, nyuma kumezidi. Rudi ukapakie upya." Nilinung'unika sana, Baba. Mgongo wangu haukukupenda hata kidogo.

Sasa ile safari. Ulikuwa umekwenda kujaza upepo tairi la akiba, nami nimeshanyanyua mkono wa tela nikaridhika. Ndipo akafika shangazi kutoka Munanila na magunia matatu ya maharage ya watoto wake walioko Kigoma. Amri yako niliijua: ndani ya boti haiingii hata punje. Lakini ni nani kwetu anamkatalia shangazi mzigo? "Chombo kikubwa hivyo kiende kitupu? Watu watatuona wachoyo," alisema. Nikayaficha magunia nyuma kabisa, chini ya turubai, palepale ilipofungwa injini ya boti. Uliporudi sikukwambia.

Kwenye mteremko tela ikaanza kutikisa makalio. Nilipiga kelele. Wewe hukupiga kelele wala hukukanyaga breki kwa pupa. Uliachia pedeli ya mafuta, ukashika usukani umenyooka, mpaka gari likapungua lenyewe. Tuliposimama ukagusa gurudumu la mbele la tela, likawa la kawaida. Ukagusa la nyuma, ukaurudisha mkono haraka.

"Mwanangu, nyuma umeweka nini?"

"Hakuna kitu, Baba."

Ulinitazama kidogo. "Haya. Shuka pale bondeni, uniletee maji."

Niliporudi, magunia yote matatu yalikuwa kwenye gari, nyuma ya viti vyetu, na wewe unakaza kamba upya. Hukuniuliza tena.

Kigoma mwenye boti, mfanyabiashara wa Kasulu tuliyemwita Alhaji, alikuta ubao wa ubavuni umepasuka kwa ule mtikisiko. Ukamwambia mbele ya wavuvi, "Nilipakia vibaya. Kosa langu." Nami nilisimama pembeni nikitazama maji.

Habari ilifika mjini Kasulu kabla yetu. Mzee kaisha, walisema, hata kupakia kumemshinda. Hata Kibondo walisikia. Tangu hapo Alhaji hakukupigia simu tena, alinipigia mimi. Wewe ukabaki barazani, na kila niliporudi ukauliza, "Ilitulia?" Nikajibu, "Ilitulia, Baba," nikapita ndani kwa aibu. Nilikula mkate wa kosa langu mwenyewe, na wewe ukaulipia kwa heshima yako. Mara ngapi nilitaka kukiri! Nikangoja siku nzuri, na ugonjwa ukakuchukua kabla haijafika.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwa Alhaji nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze. Akaniwekea kiti.

"Binti, mimi nilijua siku ileile. Maharage yalikuwa yamemwagika ndani ya boti. Nikamvuta baba yako pembeni, nikamwambia, mzee, hii si kazi ya mkono wako. Akaniambia, 'Alhaji, mimi nimebakiza safari chache, huyu ana safari nyingi. Wakimsema sasa, hakuna atakayempa mzigo tena. Acha waniseme mimi.' Halafu akaniomba boti inayofuata nikupe wewe."

Nililia pale mbele ya wateja, Baba, wala sikujificha. Kumbe miaka yote ile uliponiuliza kama ilitulia, ulikuwa unafurahi. Mimi nilidhani unanisuta.

Asante. Asante kwa kunituma maji badala ya kunifunulia turubai usoni. Asante kwa kazi hii ninayowasomeshea wajukuu zako. Nilikupenda, na ningekwambia ukiwa hai kama ningekuwa na nusu ya moyo wako.

Na ninyi wa Kasulu na Kibondo mnaosoma barua hii: aliyepakia vibaya ni mimi. Baba yangu alishusha boti mlimani maisha yake yote, na hakuna hata moja aliyoipasua.

Lala salama, Baba.

Ni mimi, binti yako wa tatu.