Mkunga wa kijijini kwetu

Rim, nimeharibu. Nimetoka kutetea tasnifu, nimejifungia chooni.

Si unajua mada yangu ni kuficha siri za wagonjwa kwenye kompyuta za hospitali? Nilipoionyesha, programu yangu ikachagua mgonjwa yenyewe, ikamtandaza ukutani. Jina limefutwa. Kazi, kijiji na ugonjwa vimebaki. Mkunga, wa kijijini kwetu, saratani, amekataa matibabu.

Kijiji kizima kina mkunga mmoja, Rim. Mmoja.

Mama akamgeukia mdogo wake, ukumbi mzima unasikia: "Mongia, si wewe huyo?"

Mama mdogo kakaa na sinia la baklawa mapajani, vitamu vya kunipongeza. Hakuwa amemwambia mtu. Akaniangalia tu. "Endelea, mwanangu."

Nikaendelea. Nikaendelea, Rim. Na wamenipasisha.

Sasa mama mdogo anagonga mlango. Anasema nitoke, baklawa zinaisha.